Songa Kidogo, Unaziba Mlango

Masika alifika kwangu Katoyi, hapa Goma, Jumapili asubuhi, watu wakiwa bado kanisani, akiwa na mfuko wa samaki wa chumvi wa Vitshumbi kichwani na mtoto wa kike aliyemshika sketi. Sikumtambua mpaka alipotabasamu, kwa sababu wote wa nyumba yao wana mwanya uleule katikati ya meno. Mara ya mwisho tulionana kwenye kilio cha kaka yake, Bahati, na siku ile hakuna aliyetabasamu. Nilimkaribisha, nikateleka maji ya chai kwenye makaa, nikatoa mandazi ya jana. Mtoto alikula huku akikagua chumba changu chote, ukuta kwa ukuta, kama mtu aliyeahidiwa kitu na bado hajakiona. Alikuwa na paji la uso la Bahati na masikio ya Bahati. Nilijifanya nahangaika na moto ili nisimwangalie sana.

"Solange," Masika akasema, "miye sikukuya kuuzisha samaki. Hiyo ni zawadi yako. Nimekuya juu ya huyu mutoto. Anasemaka papa yake ni koko."

Koko, huku kwetu, ni bibi, mwanamke mzee. Nilielewa papo hapo, na nikatamani nisingeelewa. Bahati alikuwa mchekeshaji wa video za mtandaoni, na mimi ndiye niliyekuwa nashika simu. Katika kila video tuliyowahi kupandisha, yeye ni mwanamke mzee anayeitwa Koko Sifa: kitenge, kilemba, fimbo, mgongo uliopinda, sauti nyembamba ya kukwaruza. Bahati alimpa binti yake huyu jina hilohilo, Sifa, na Sifa alikuwa hajajua hata kutembea vizuri baba yake alipouawa. Mama yake alivuka mpaka wa Uganda na hajarudi. Masika ndiye anayemlea kule kwenye ziwa lao. Mtoto akiuliza baba, anaonyeshwa video. "Anaangalia mupaka mwisho," Masika akasema, "kiisha anasema, huyu ni koko, haiko papa. Sasa anaambia na batoto wengine kama papa yake ni koko, nabo banamucheka. Nipatie moja tu, Solange. Moja yenye Bahati anasema na sauti yake. Hata kama anasema bitu ya bure. Asikie tu ile sauti."

Nilimwambia tutatafuta. Lakini wakati namjibu nilishajua kwamba kimebaki kipande kimoja tu duniani chenye sauti ya Bahati mwenyewe, na kwamba nilimwapia Bahati kuwa kipande hicho hakipo.

Kwa hesabu ya kalenda mwaka ule wa video zetu si wa zamani, ila mji huu una namna yake ya kuzeesha watu. Nina mvi ambazo mama yangu hakuwa nazo alipopata mjukuu. Nikisema "tulipokuwa vijana" nazungumzia juzi tu, na hiyo juzi iko ng'ambo ya volkano moja na ya vita ambavyo nimechoka kuvipa majina. Wakati ule kila mtaa wa Goma ulikuwa na vijana waliotaka kuwa watu wa video. Wengine walicheza dansi mbele ya magari yasiyo yao, wengine walisimamisha wapita njia na kuwauliza maswali ya kijinga kuhusu mapenzi. Sisi tulitaka kuchekesha. Bahati alikuwa amepanga kachumba kule Buhene, mtaa wa pembeni ya mji, kwenye uwanja wa Mama Kahindo, mjane mwenye mabega mapana na mdomo mkali, na uwanja huo ndio uliokuwa studio yetu. Simu tuliisimamisha juu ya kinu kilichopinduliwa. Nyuma ya Bahati kulikuwa na nyumba ya mbao, paa la manjanja, yaani mabati, yaliyopata kutu, jiko la nje, mparachichi mmoja usiozaa, mlima wenyewe wa volkano ukifuka moshi juu ya paa, na katikati ya vyote hivyo mlango wa kijani.

Mlango ule ulikuwa fahari ya Mama Kahindo. Ulikuwa wa mbao nzito za zamani, na katika volkano ile nyingine, ya utoto wetu, alipoona moto unashuka aliung'oa kwenye bawaba zake, akaubeba kichwani akiwa na mimba, akavuka nao mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda. Kila kitu kingine kiliungua. "Nyumba inaunguaka, inajengwaka," alikuwa anatuambia, "lakini mulango kama huu, utaipata wapi tena?" Tukiwa tunarekodi alikuwa anatoka na ufagio na kufagia nyuma ya Bahati, makusudi kabisa, na nikimwomba apishe anashika kiuno. "Njo nyumba yangu hii. Nyinyi njo musonge." Yaani hiyo ndiyo nyumba yake, na sisi ndio wa kusonga. Mara nyingi tulimwacha humohumo ndani ya picha. Yumo kwenye video nyingi sana, anafagia, anapepeta maharagi, anamgombeza kuku, na kila Koko Sifa akisema neno kali unaona mabega yake mapana yanatikisika kwa kicheko.

Bahati alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kusitasita kidogo. Neno lilikuwa linamkwama kooni mpaka mishipa ya shingo inasimama, na watu walikuwa wanammalizia sentensi, jambo alilolichukia kuliko matusi. Lakini akishafunga kilemba na kupinda mgongo, maneno yalikuwa yanamwagika bila kituo. Koko Sifa aliwagombeza wakwe wanaopika bugali ya maji, vijana wanaosalimia wazee huku wameziba masikio kwa muziki, wanaume wanaonunua viatu vya kung'aa na nyumbani hakuna chumvi. Nilimuuliza siku moja inakuwaje. Akasema, "Ko-koko ni muzee. Haiko na haraka. Hakuna mutu a-anamukatiza." Hata simu alikuwa anapokea kwa sauti ya Koko, na watu wa mbali waliamini kweli Bahati anaishi na bibi yake.

Basi sheria yetu ilikuwa moja, na aliiweka yeye: kila kilicho kabla ya Koko na baada ya Koko kikatwe. Simu yangu ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo nilifuta kila siku, tukiwa tumekaa kizingitini mwa mlango wa kijani, tukila bugali na mboga ya lengalenga, na sambaza, vile visamaki vya ziwani, siku ambayo Mama Kahindo ameamka vizuri. Nilifuta Bahati akiuliza kama nimewasha. Nilifuta akijikwaa na kucheka, akiniambia jua limenifanya niwe mwekundu kama pilipili, akihangaika na jina langu, "So-so-solange," mpaka anakata tamaa na kuniita "weye." Nilimpenda. Naandika hivyo bila kuzunguka kwa kuwa hayupo tena wa kuona haya, na nilipenda sauti yake ile ya kukwama kuliko ile ya Koko iliyokuwa inateleza. Nilikuwa nayo kila siku, nikaona haina sababu ya kuwekwa.

Hakuna aliyetutazama. Watu wachache wa mtaani, binamu yangu, mtu mmoja wa Lubumbashi aliyeandika "hii ni nini?" Bahati aliyasoma maneno hayo matatu kama barua ya kazi. "A-ameuliza," akasema. "Ku-kuuliza ni mwanzo." Kupitia ukuta wa mbao tulikuwa tunasikia majirani wakituongelea jioni wakichambua majani ya sombe: kijana mzima anavaa kitenge cha mama wa watu, na yule msichana anamshikia simu, wote wawili wamesoma mpaka diploma, kwa nini hawatafuti kazi. Kazi ipi, hawakusema. Bahati alikuwa anasikiliza bila kukasirika, kisha kesho yake Koko Sifa anayasema maneno yaleyale kwa sauti ya jirani yuleyule, na Mama Kahindo anakaa chini kwa kucheka. Ukiniuliza mwaka ule ulikuwa na furaha gani, ni hiyo, na iliishia mwezi wa tano.

Jumamosi moja jioni anga upande wa Buhene liligeuka jekundu, na watu wakaanza kushuka barabarani bila kuulizana. Nilisimama mlangoni kwangu hapa Katoyi nikiangalia nyuso, magodoro, mbuzi, watoto waliofungwa migongoni kinyumenyume kwa haraka, mpaka nikawaona. Bahati alimshika Mama Kahindo mkono. Mama Kahindo alibeba sufuria tupu. Alikuwa anarudia neno moja tu, si kwa kilio, kwa mshangao wa mtu aliyesahau funguo: "Mulango. Mulango. Mulango." Safari hii moto ulikuja haraka kuliko mikono yake. Asubuhi Bahati alienda kuangalia, akarudi na viatu vilivyoyeyuka soli, akakaa kwenye kiti changu cha plastiki. Nilisubiri aseme. Alijaribu mara kadhaa, neno likakataa, akaishia kutikisa kichwa.

Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Vikombe viligongana kabatini, barabara zikapasuka, watu wakapika nje na kulala nje. Mama Kahindo alikaa juu ya kitanda changu, amegeukia ukuta, hataki kula. Ndipo Bahati akaniambia tutarekodi. Nilidhani amechanganyikiwa. "Si kwa ba-batu," akasema, akimwonyesha kwa kidevu. "Kwa ye-yeye." Alivaa kitenge changu, akafunga kilemba cha taulo, akashika ufagio badala ya fimbo, na nikasimamisha simu kwenye rafu. Koko Sifa akafungua dirisha na kuutazama mlima.

"Weye mulima!" akaanza. "Mama yako hakukufundishaka adabu? Unatapika kwa nyumba ya batu bila kubisha hodi? Kama tumbo inakuuma, enda kwa munganga kama watu wote, upange mustari, uketi kwa benchi! Na mulango ya mwenyewe unakula ya nini? Mulango inaliwaka? Uliona wapi muzee anakula mulango?"

Nilimwona Mama Kahindo akigeuza kichwa. Mabega yale mapana yakaanza kutikisika, kidogo, kidogo sana, na sijui mpaka leo kama kilikuwa kicheko au kilio kilichokuwa kinatafuta njia. Kisha nyumba ikaruka. Rafu ikaanguka, simu ikaanguka, vumbi likashuka darini, na Koko Sifa akatoweka mbele ya macho yangu. Akabaki Bahati ndani ya kitenge changu, amefungua mdomo, shingo imesimama, anapigana na neno. Likatoka. Akanisukuma, akamnyanyua Mama Kahindo mzimamzima, na tukajikuta barabarani na mtaa wote. Ukuta wa jikoni kwangu ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka chini. Mtu mmoja akamwona Bahati na kilemba chake cha taulo, akacheka, kile kicheko cha watu walioogopa, na wengine wakafuata.

Simu ilikuwa imeendelea kurekodi sakafuni. Niliiokota tuliporudi ndani, nikaituma video hiyo kwa dada yangu Bukavu, aliyekuwa ananipigia tangu asubuhi, aone hali yetu na ajue tuko hai. Bahati alikuja akaichukua simu, akaiweka sikioni, akasikiliza. Sijawahi kumwona mtu akiionea haya sauti yake namna ile. "Fu-futa," akasema. Nikafuta mbele ya macho yake. "A-apa kama haiko tena." Nikaapa kwa Mungu na kwa kichwa cha mama yangu. Ile niliyoituma Bukavu haikuniingia akilini kabisa. Niliikumbuka siku nyingine, tukiwa mahali pengine, na kiapo kilikuwa kimeshapoa.

Asubuhi moja serikali ikatangaza tuondoke mjini. Tukaenda kwa miguu njia ya Sake, tukapita Mugunga katika msururu wa watu na pikipiki, Mama Kahindo na sufuria yake kichwani, Bahati akivuta godoro langu juu ya chikudu cha kuazima, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Sake tulipewa kona ya darasa. Ubaoni kulikuwa na somo la mwisho, sehemu za ua, petali na shina, na chini yake familia nyingi zililala kwa kubanana. Nakumbuka harufu ya maharagi yanayoungua kwenye majiko ya mawe, na wanawake wawili waliokuwa wakibishana kila asubuhi kwa sauti ya chini ni nani aliyefunga mlango wa nyumba na ni nani alisema auache wazi. Mchana mmoja Bahati alinunua mega chache za intaneti kwenye simu, akafungua ukurasa wetu, akapiga kelele mpaka watoto wakaamka. Watu waliotazama video zetu walikuwa wameongezeka kupita tulivyowahi kuota. Alinikumbatia. "Ba-banatuona, weye! Ba-banatuona!" Nilimwona mtu aliyefika mahali, na kwa dakika zile chache nilisamehe kila kitu, hata mlima.

Kisha tukasoma maoni. "Hii si kwa Mama Kahindo? Mungu wangu, ule mlango." "Upande wa kushoto ni ukuta wa kwetu, simamisheni hapo, muuone." "Marehemu baba anapita nyuma na baiskeli, mwangalieni, hakuna picha yake nyingine iliyopona." "Nani ana nyingine inayoonyesha barabara?" Yalikuwa mengi, na hakuna hata moja lililomtaja Koko. Ila moja. Liliandikwa na binti wa Mama Kahindo, aliye mbali kwa kazi za nyumba za watu, na naamini hakuwa na ubaya wowote: "Wewe kijana, songa kidogo, unaziba mlango wa mama." Bahati alicheka. Alicheka kwelikweli, akanisomea mara ya pili kwa sauti ya Koko, tukacheka wote. Ila kesho yake hakufungua tena ukurasa.

Tuliporudi mjini, moto ulikuwa umegeuka jiwe. Pale palipokuwa Buhene yetu palikuwa na uwanda mweusi wenye mikunjo, bado unatoa joto kupitia viatu, na watu wakitembea juu yake wameinamisha vichwa kama wanaotafuta sindano. Wakubwa walisema hakuna kujenga tena pale. Lakini sisi watu wa Goma tunaijua desturi yetu: jiwe likipoa, kila mtu anataka uwanja wake ulipokuwa, hata ukiwa chini ya jiwe la kimo cha mtu, na asipouwekea alama mapema, jirani atakuja na kamba yake na kumbukumbu yake ndefu. Mara zote hupimwa kwa mti uliobaki au kona ya ukuta. Safari hii hakukubaki mti wala kona. Kulibaki mlima tu. Na mlima ulikuwa kwenye video zetu, juu ya paa, nyuma ya bega la Koko Sifa.

Mama Kahindo ndiye aliyeliona hilo, na ndiye aliyemwita Bahati. Tulikwenda naye na majirani kadhaa, mchana wa jua kali, mtu mmoja ameinua simu juu kama kioo cha kinyozi, akilinganisha mlima wa kwenye simu na mlima wenyewe. "Rudi nyuma. Hapana, hapa mlima iko kubwa sana. Enda upande wa kuume." Koko Sifa alikuwa anapayuka ndani ya simu mpaka mzee mmoja akasema, "Toa sauti basi, inatuvuruga," wakaizima. Hawakuafikiana. Ndipo Mama Kahindo akamgeukia Bahati, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. "Bahati, mutoto yangu, simama kama siku ile. Tukiona weye, tutaona mulango." Akasimama. Hawakuridhika. Jirani mmoja akasema mgongo haukupinda, urefu hauwiani, wakamwomba apinde. Mwingine akasema kilemba kinamwongeza. Mwanamke mmoja akafungua kitenge chake cha mgongoni, cha kubebea mtoto, akampa. Na Bahati akajifunga kitenge, akafunga kilemba, akapinda mgongo juu ya jiwe jeusi, mbele ya watu wengi kuliko aliowahi kuwachekesha, na hakuna aliyecheka, na yeye hakusema neno lolote. "Kushoto kidogo. Hapo hapo! Usitikisike." Mama Kahindo akapita pembeni yake, akahesabu hatua kwa midomo, akaweka mawe manne. Akakaa katikati yake, kwenye kizingiti chake kisichokuwepo, akajifunika uso kwa mikono.

Habari zikaenea. Wiki zilizofuata watu walikuja kumchukua kwangu, familia moja baada ya nyingine, kwa heshima zote, "Papa Bahati, tunaomba utusaidie." Alikuwa anakwenda. Kitenge kwenye mfuko wa plastiki, simama hapa, pinda, songa. Palipotokea ugomvi wa mpaka, upande mmoja ulidai amepinda kuliko siku ile ya video, kwa hila. Alirudi jioni moja, akautupa mfuko kwenye kona. Nilimwambia turekodi kitu kipya, hapa Katoyi, Koko Sifa amehama, ana majirani wapya. Nilisema kwa uchangamfu ambao mwenyewe nilisikia ulivyo wa uongo. Aliutazama ufa wa ukuta wangu. "Hapana," akasema. "Ko-koko alikuwa mutu. Sasa ni po-poto." Poto ni nguzo ile ya umeme. Nilitaka kumwambia kwamba kwangu mimi hajawahi kuwa nguzo, kwamba mimi nilikuwa namtazama yeye na mlango sikuuona kabisa. Nilimwuliza kama atakula.

Kabla mwaka haujaisha waasi walikuwa wamerudi Rutshuru, na barabara ikaleta watu wapya na magodoro yao, na wa Buhene wakaacha kuongelewa. Bahati akapanda gari la samaki kurudi Vitshumbi. Huko alipata mwanamke, kisha Sifa, na vita vilipowafuata ziwani akarudi na familia yake Goma, akipakua magari. Tulisalimiana barabarani kama jamaa. Siku waasi walipoingia mjini, risasi zilipotulia kidogo, alitoka na bidoni zake kwenda kuchota maji ziwani kwa sababu mabomba yalikauka na mtoto alikuwa na kiu. Hakuna aliyeniambia zaidi ya hapo, na sikuuliza. Kwenye kilio kijana mmoja alizungusha simu, watu wamwone marehemu akichekesha watu. Nilisoma maoni yaliyokuwa chini ya video, mapya, ya wiki ileile: watu bado walikuwa wanamwomba asogee. Nilimpigia dada yangu wa Bukavu siku ile, nikamwuliza kama bado ana video ya matetemeko. Yeye hafuti kitu. Aliituma, nikaisikiliza mara moja, sikuweza ya pili.

Hayo yote nilimweleza Masika Jumapili ile, chai ikipoa. Nilimwambia kuhusu kiapo. Nilimwambia kwamba kwenye kipande hicho Bahati anaogopa, anakwama, ni vile hasa alivyokuwa hataki aonekane na mtu yeyote, na kwamba si haki baba kumfikia binti yake akiwa hivyo. Masika alinisikiliza mpaka mwisho. "Bahati amekufa, Solange," akasema. "Haya yake imekufa pamoja naye. Mutoto njo amebaki."

Tukamwita Sifa, akaja na andazi mkononi. Nikawasha. Koko Sifa akafungua dirisha, akaanza kuugombeza mlima, na mtoto akaangalia pembeni, amechoka. "Ni koko," akasema. "Ngojea," Masika akamwambia. "Sikiliza sasa. Mwenye atasema sasa, huyo ni papa yako." Picha ikaruka, ikawa giza, vitu vikavunjika. Kisha ikaja, karibu kabisa na simu, sauti ile niliyokuwa nikiifuta kila siku kizingitini, inapigana na neno, inaanguka, inainuka tena.

"To... to... to... So-so... Toka! Toka inje! Toka inje mbio!"

Sifa alilitazama giza la simu. Akaliweka andazi juu ya kiti, vizuri, kisha akageuka na kukimbia, miguu mitupu, akapita mlangoni na kutoka. Masika akaanza kulia kwa sauti. Mimi nilimfuata mtoto. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, juu ya mawe, mbali na kuta, mikono imenyooka ubavuni, akihema. Nilichuchumaa mbele yake, nikamwambia imekwisha, hakuna kitu, turudi ndani chai iko tayari.

Akatikisa kichwa.

"Papa hajasema turudi," akasema.